Sababu za Kifamilia

Vuteni viti karibu, wanangu, nyote wawili, na wewe mkubwa izime hiyo simu kabisa, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali na sina hakika kama kesho itafika hata hapo mlipo. Muuguzi ameniambia kwamba baada ya sindano ya mchana huwa napata kama saa moja ya kichwa kilichotulia, na saa ya leo nimewawekea ninyi. Msinikatize. Nikinyamaza kidogo, navuta pumzi. Nikinyamaza sana, hapo ndipo mwite mtu.

Ninachoacha ni nyumba hii na kile kiwanda cha mahema na turubai. Nyumba haina maneno: hati ina majina yenu wawili, wakili ana nakala, na hakuna chumba cha mkubwa wala cha mdogo. Nguo za mama yenu ambazo sikuwahi kuzitoa kabatini zitoe wewe, binti yangu, na usinione mjinga kwa kuziacha zining'inie miaka miwili kama za mtu anayerudi jioni. Kilichonikaa kifuani ni kiwanda.

Jana mlibishana hapahapa mbele yangu kana kwamba nimeshaondoka. Binti yangu anataka mashine ziuzwe na jengo lipangishwe. Kaka yake anataka kiwanda kibaki, lakini afunge ile mashine ya kuweka kidole ili anayechelewa ajulikane, na kamera juu ya meza ya kukatia. Siwalaumu. Wote wawili mnahangaika na ugonjwa mmoja, kwamba watu wanaondoka. Siku tuliyomzika mama yenu walikuwa kumi na tisa, nao ndio walioshona mahema tuliyokaa chini yake. Leo wamebaki wanane. Na Ijumaa hii, siku tatu kutoka leo, anaondoka mkataji wetu, yule mnayemwita Mama Chaki kwa sababu ya kipande cha chaki kinachokaa nyuma ya sikio lake, na akiondoka yeye hakuna mwingine pale anayeweza kutandika turubai la lori mezani, akalitazama mara moja, akalikata bila kupoteza hata upana wa kiganja. Kabla hamjauza, kabla hamjafunga kamera, nataka mjue kwa nini wanaondoka. Sababu mnayo mbele yenu, imelala kitandani.

Mama yenu alianza na cherehani mbili sebuleni, wakati mimi niko ofisi ya bima nikikadiria magari mangapi yatagongana mwaka ujao. Nilisomea takwimu, nikatoka chuo kikuu nikiamini kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Yeye hakuamini hivyo, na biashara ikamkubali. Zile cherehani mbili zikawa kumi na tano, sebule ikawa jengo, na mnaikumbuka kelele ya pale ndani: zote zikilia kwa pamoja, mtu akikuita kutoka hatua mbili unaona midomo tu. Basi kila Alhamisi saa nne asubuhi mama yenu alikwenda kwenye swichi kubwa ukutani, akaivuta chini na kusema, "Zima," na kwa nusu saa hakuna mashine iliyolia. Wafanyakazi wenyewe wakakiita kikao hicho Zima. Mwenye neno alilisema, asiye nalo alikaa. Mama yenu hakukaa kitini. Alikaa juu ya robota la kitambaa na kazi mkononi, mara nyingi pindo lililoharibika, akawa analifumua uzi mmoja mmoja huku anasikiliza, bila kumtazama msemaji usoni. Mimi nilidhani ni utovu wa adabu. Kanuni yake ilikuwa moja: lililosemwa leo lijibiwe kabla ya Alhamisi ijayo, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani, na sababu ya kutowezekana isemwe.

Nilihudhuria mara moja nikiwa likizo. Fundi wa mashine, ambaye wao humwita Daktari, alisimama akasema, "Mama, hii namba sita inakula nyuzi."

"Afadhali ingekuwa inakula, ingeshiba," akadakia msichana aliyeshona pindo kwenye mashine hiyohiyo, yule waliyempa jina la Kicheko. "Inakula na kutema. Na huyu Daktari kila ugonjwa dawa yake mafuta."

"Na wewe unavyoikanyaga kama unaua nyoka, niipe dawa gani?"

Wakacheka wote. Mama yenu hakuinua macho. Akasema, "Mashine mpya mwaka huu siwezi, wenye mahema hawajalipa. Nani atabadilishana na Kicheko wiki hii, na mwingine wiki ijayo, hadi Daktari apate kifaa?" Mikono mitatu ikainuka, jambo likaisha. Jioni nikamkalisha mezani nikampigia hesabu: nusu saa, mara watu kumi na tisa, mara majuma hamsini. Akasikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Sasa nihesabie na muda wa kumfundisha mgeni mpaka mshono wake usivuje." Sikuwa na takwimu hizo. Katika miaka kumi na sita walikuwa wameondoka watu wanne tu: mmoja alizeeka, mmoja alifariki, mmoja alimfuata mumewe, na mmoja aliiba. Wanne hawatoshi hata kuchora mstari.

Alipolazwa mara ya kwanza, nikakishika kiwanda mimi. Sikuifuta Zima. Hilo nataka mlielewe vizuri, maana ingekuwa rahisi kwangu leo kusema kosa langu lilikuwa kuifuta, nikaomba radhi, nikafa. Sikuifuta. Niliiboresha.

Nilinunua daftari gumu jeusi, nikampa kila mtu ukurasa wenye jina lake, wenye safu tatu: tarehe, hoja, hatua. Nilikaa kitini, nikamtazama kila msemaji machoni kama nilivyolelewa kumheshimu mtu, nikaandika neno kwa neno. Niliona kwamba kuyaandika maneno ya mshona turubai kama yanavyoandikwa maneno ya mkurugenzi ni heshima ambayo hata mama yenu hakuwahi kuwapa. Nilijivuna kidogo. Majuma ya mwanzo walisema kama kawaida. Ile meza ya zamani ya kukatia ilikuwa imevunjika mguu, nikanunua nyingine, na Alhamisi moja nikamuuliza Mama Chaki kama inamfaa. Akasema iko sawa. Nikaandika.

Mama yenu akafariki mwezi wa tano. Mwezi wa nane Mama Chaki akasimama kwenye Zima, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Mzee, ile meza iko chini. Mgongo wangu unanitesa, nikifika nyumbani siwezi hata kuinama kufua."

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana nilikifanya kwa upole, bila hasira hata kidogo. Nilifungua daftari nyuma, nikatafuta, nikapata, nikamsomea: "Tarehe kumi na mbili mwezi wa pili ulisema meza iko sawa."

Akanitazama. Akasema, "Mwezi wa pili mama alikuwa mahututi, Mzee. Nani angekuja na habari za meza?"

Nikamwambia, "Naelewa. Ninataka tu kujua kipi kati ya viwili niandike."

Daktari akatazama viatu vyake. Mama Chaki akakaa, akasema, "Andika iko sawa." Na mimi, wanangu, nikaandika.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Baada ya hapo Zima ikawa fupi. Nikauliza nani ana neno, wakatazamana, mmoja akataja balbu, mwingine akasema sabuni imekwisha, dakika kumi tumemaliza. Nikaandika katika ripoti yangu kwamba malalamiko yamepungua, na nikachora mstari unaoshuka. Kicheko akaondoka. Akafuatiwa na wawili wa kufunga kamba, halafu fundi wa kutia pete za chuma, halafu sikukumbuka tena kwa sura, nilikumbuka kwa namba. Nikatengeneza fomu ya kuaga yenye visanduku tisa: mshahara, umbali, afya, na kadhalika. Wote kumi na mmoja waliweka alama kisanduku cha saba, sababu za kifamilia. Kumi na mmoja! Mtu wa takwimu akiletewa majibu yanayofanana kama matofali, cha kwanza anachopaswa kukishuku ni swali lake. Sikulishuku. Nilisema moyoni, watu hawa wana familia zenye matatizo.

Nikaongeza mishahara, wakashukuru, na wawili kati ya walioshukuru wakaondoka mwezi uliofuata. Nikaweka feni, nikabadilisha mlango wa choo. Nikaajiri wageni, wengine wakakaa majuma sita, na kwa kuwa hakukuwa na mkongwe wa kuwaonyesha, walipitisha mshono mmoja pale panapotaka miwili, hema la shule likavuja watoto wakiwa kwenye mtihani, na mwalimu mkuu akanipigia simu huku nasikia mvua nyuma yake. Mlipokuja kunitazama mlinikuta nimekonda mkadhani ni ugonjwa peke yake.

Kuna jambo la mjomba wenu nalo liingie hapa. Siku ya mazishi, tulipotoka makaburini, alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, dada yangu hukumsikia." Nikamjibu kwa tarehe: siku niliyompeleka zahanati, siku ya kipimo, siku ya rufaa. Nilizijua zote. Akaniachia mkono. Tangu siku hiyo hatujasemezana, na kila mlipomtaja mbele yangu nilibadilisha mazungumzo. Niliamini ni uchungu wa msiba uliomsemesha, na kwamba yeye ndiye anayepaswa kuniomba radhi.

Majuma sita yaliyopita nilikuwa kiwandani, kizunguzungu kikanishika, nikajilaza kwenye benchi la ofisini, nyuma ya ule ukuta wa mbao. Wao walijua nimekwenda hospitali. Umeme ukakatika, mashine zote zikanyamaza kwa mpigo.

"Haya," nikamsikia Daktari, "umeme umetuitishia Zima."

"Zima ya kweli hiyo, haina katibu."

"We, Mzee Daftari atasikia."

"Mzee Daftari yuko hospitali. Na akisikia ataandika, saa tano na dakika kumi, walicheka."

Wakaangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu, nakiri, kwa sababu saa yangu ilikuwa inasema saa tano na dakika kumi na mbili. Sikujua kama nina jina. Halafu mmoja wa wale wageni akauliza, "Hivi huyo Kicheko mnayemtaja kila siku, aliolewa ndiyo akaacha kazi?"

"Aolewe na nani? Hana hata mchumba," alijibu Mama Chaki. "Mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, ile namba sita inatetemeka vibaya. Alipanga kusema. Akakumbuka mwanzo wa mwaka alishasema kwa kinywa chake ameizoea. Akaniambia, dada, nikisema atanifungulia ukurasa."

"Ikawaje?"

"Ikawa sababu za kifamilia. Anashona mapazia mtaa wa pili, na mkono umepona."

"Na wewe?"

"Mimi namaliza oda ya mahema, naondoka. Mgongo huu si wa mbao."

"Si umwambie mzee?"

"Nilimwambia mara moja. Akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe."

Nilikuwa nimelala chali, natazama boriti. Nilidhani hilo ndilo zito kuliko yote na kwamba nimelimeza. Daktari akasema, "Mama alikuwa anasikia, jamani," na Mama Chaki akamjibu kwa sauti ya chini, lakini mbao hazizuii sauti ya chini: "Hata mama mwenyewe alikuwa hamwambii Mzee. Wewe hukuwepo Alhamisi ile? Alikaa pale kwenye robota, mkono tumboni, akasema, na mimi leo nina neno langu, hapa pananiuma, inapata mwezi. Tukamwambia, si umwambie mzee wako? Akasema, nikimwambia ataniuliza tangu lini, mara ngapi kwa siku, upande upi, nami nitajiona nahojiwa. Nataka kwanza niseme tu, nipate nguvu ya kuulizwa."

Umeme ukarudi, mashine zikalia, sikusikia kingine.

Wanangu, nilimpenda mama yenu. Silitaji hilo ili mnihurumie, nalitaja kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Kila jioni nilimpima shinikizo la damu nikaliandika, tarakimu mbili na mstari katikati, nikamuuliza ameshindaje, akasema hajambo, na nikaamini, kwa kuwa tarakimu zilikuwa nzuri. Alikaa na maumivu yale miezi minne ndani ya nyumba hii, kitanda kimoja na mimi, na watu waliojua ni washona turubai kumi na tisa. Nilimuuliza daktari wa hospitali kama miezi ile ingebadilisha jambo. Alifikiri sana, akasema labda, na labda la. Ni jibu la kweli. Ndilo ninalolala nalo.

Siku ya tatu baada ya umeme ule kukatika nikamwita Mama Chaki ofisini. Nilikusudia kumwomba radhi. Nilikuwa nimelipanga neno langu tangu asubuhi. Akaingia, akasimama mlangoni, nikamwambia, "Nimesikia unataka kuondoka. Niambie kwa nini."

"Sababu za kifamilia tu, Mzee."

"Niambie ya kweli."

Akashusha macho, nami nikafuata macho yake nikaona yanatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Sikumbuki nimeichukua saa ngapi. Nikaiweka chini, ikaviringika ikaanguka, tukaitazama wote wawili pale sakafuni kama watoto waliovunja kitu. Akasema, "Nirudi mezani, Mzee?" Nikasema rudi. Wiki iliyofuata nikaletwa hapa nyumbani nikiwa wa kitandani.

Kwa hiyo yaliyobaki yafanyeni ninyi, maana mimi nimeshindwa na muda hautoshi wa kushindwa tena.

Wewe mkubwa, kesho asubuhi nenda na seremala ukainyanyue ile meza. Usipime kwa futi. Mwambie Mama Chaki asimame pale anapokatia, aonyeshe kwa mkono wake panapomfaa, na seremala afuate mkono. Najua utasema ataitumia siku tatu tu. Hata angeitumia saa moja. Aliliomba jambo hili miaka miwili iliyopita na jibu lake halijafika.

Msimbembeleze abaki. Hili nawasihi, maana najua mtavutiwa kulifanya, mtamkalisha, mtamsikiliza vizuri kwa sababu mnamhitaji, na yeye atalijua hilo kabla hamjafungua kinywa. Mtu husikilizwa kwa kuwa anaijua kazi yake na mwili wake kuliko unavyovijua wewe. Akibaki, heri. Akiondoka, mbebeeni mzigo wake hadi barabarani, na asipewe fomu. Zile fomu zitupeni zote.

Daftari liko chini ya mto wangu, binti yangu, lichukue. Kila ukurasa una jina. Lichaneni ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono, na kila mmoja apelekewe maneno yake, wale wanane kiwandani na wale kumi na mmoja huko waliko. Kicheko mtaa wa pili, wengine Daktari anajua wanapokaa. Msiwaombe warudi. Waambieni tu, baba anasema haya ni yako, hakupaswa kuyashika. Wakitaka kuwaambia jambo, simameni wasikie hadi mwisho. Wakifunga mlango, mmefika pia.

Na keshokutwa, Alhamisi, saa nne, nendeni wote wawili. Zima ni yenu. Msiende na kalamu wala simu. Tafuteni kazi ya mikono, mabaki ya kukunja yako mengi. Watanyamaza, nawaambia mapema ili msiogope. Nyamazeni nao nusu saa nzima, washeni mashine, mrudi Alhamisi nyingine. Wakisema, msieleze. Msijitetee, wala msinitetee mimi. Linalowezekana lifanyeni ndani ya wiki, lisilowezekana waambieni kwa nini. Alhamisi nne. Kabla ya hapo sitaki muuze hata sindano wala mfunge kamera. Baada ya hapo, ikiwa wao wenyewe watawaambia kiwanda kimekufa, uzeni, na kila mmoja wao apewe mashine anayoitumia, nimeliandika hilo kwa wakili. Hilo kuandikwa ni sawa.

Mjomba wenu mpigieni leo jioni. Mwambieni alisema kweli pale makaburini, na kwamba nilimjibu kwa tarehe. Ataelewa. Kama anaweza kuja, aje, ila asichelewe.

Ngojeni… ngojeni kwanza. Pumzi imekuwa kama ngazi. Keti, binti yangu, bado haijafika ya kumwita muuguzi.

Limebaki moja, na hili ndilo nililolizunguka tangu mlipokaa. Wewe mkubwa, ulipokuwa na miaka ishirini na nne uliniandikia barua, ukaniambia hutaki kazi ya bima niliyokutafutia, unataka kufanya kazi na mama yako. Nilikurudishia barua ikiwa na maswali tisa pembeni. Hukuniandikia tena. Ulikwenda bima, miaka kumi na moja sasa, na kila nikikuuliza kazi inaendaje unasema inaendelea. Na wewe, binti yangu, tangu mazishi unakuja siku mbili kwa mwaka, na ukiulizwa unasema kazi ni nyingi, baba. Nami nilikubali. Nilikuwa na watu kumi na tatu walioniondokea, si kumi na mmoja, na wawili kati yao niliwazaa.

Sijui mnachokificha. Labda mama yenu aliwaambia na ninyi, mkakaa nacho. Labda mnanichukia kwa jambo nisilolijua kabisa, jambo dogo tu, la meza. Sitaki mwende nalo makaburini mkanifukie nalo, halafu liwakae ninyi, mrithi na hilo pamoja na nyumba. Mungu awape miguu ya kurudiana. Awape subira ambayo sikuwa nayo. Watoto wenu wasiwaogope. Mama yenu… yuko radhi nanyi, alikuwa radhi nanyi siku zote, na mimi radhi yangu nimewapa yote, haina sharti, mseme msiseme.

Ila semeni.

Sina nguvu ya kuuliza. Sina ya kujibu. Ya kusikia ninayo bado… kidogo. Anza wewe, binti yangu, ulikuwa ukianza kusema kitu mchana ule mlipofika, nikakukatiza. Nitafumba macho… msishtuke. Sijalala. Shika mkono wangu. Ukiona umekaza, ujue nimesikia.

Sema, mama.